Mkondo wa Uani

Bondeni, Tanga
14 Julai 2023

Kwa Shangazi yangu Saleha,

Shikamoo Shangazi. Mama anakusalimu sana. Miguu inamweka ndani siku hizi, lakini akifika barazani husema laiti wifi yangu angekuwepo tungeteta mpaka magharibi. Mdogo wangu Sabiri amepata mtoto wa pili, wa kike, mweusi tititi kama babu. Binamu Haji na wanawe hawajambo? Na masikio je, yule daktari wa Kigoma alisemaje? Najua simu kwako imebaki ya kutazamia picha, ndiyo maana naandika. Na kusema kweli napenda. Nikikuandikia nakaa chini na kunyoosha mwandiko kama mtoto wa shule.

Sasa kuna jambo. Masika hii maji yameingia tena nyumbani, mpaka chumba alichokuwa akilala marehemu Baba. Na maji yenyewe si ya mvua peke yake. Huko juu Kilimani bado wapo wanaongoja mvua kubwa ndipo watapishe vyoo vyao. Uchafu unashuka kwetu Bondeni, sisi tunausukuma mikokoni, na kina mama wanaolima mwani wanaukuta baharini. Kila mmoja anamlaani aliye juu yake.

Safari hii jiji, mamlaka ya maji na mitaa yote mpaka pwani wamekubali kukaa meza moja na kupanga kwa pamoja: mfereji mmoja wa maji ya mvua kutoka Kilimani mpaka mikokoni, na kandokando yake bomba la kuchukua majitaka hadi kwenye mabwawa ya kusafishia. Mimi ndiye niliyepewa kuwaunganisha. Ni kazi ya kupatanisha wake wenza.

Mhandisi wetu Edgar, kijana wa Lushoto, amepima na kupima tena. Anasema maji yana njia yao ya zamani, nayo inapita uani kwetu. Jiko la Bibi, bafu na ukuta wa nyuma vitaondoka. Nyumba haiguswi. Lakini wewe na Baba mliirithi pamoja, na bila ridhaa yako hakuna atakayegusa tofali. Naomba unijibu.

Nilitaka kusahau. Mwenyekiti wa kamati ya Kilimani ni mama mmoja mtu mzima, fundi cherehani, jina lake Ritha, wote tunamwita Mama Ritha. Nilipomtajia ukoo wangu alinitazama sana, kisha akaniuliza, "Saleha hajambo?" Nikamwambia hajambo, yuko Ujiji kwa mwanawe. Akasema nikusalimu.

Mwanao,
Hasina


Ujiji
2 Septemba 2023

Hasina mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika zamani, nikaiweka chini ya mto. Haji hajambo, kazi za bandarini zamchosha. Mkewe anipikia vizuri, ila dagaa wa huku hawajui nazi. Masikio ni yaleyale. Daktari ameyatazama kwa kitochi, akanipa dawa ya matone na maneno mengi ambayo sikuyasikia. Mpe mama yako pole ya miguu. Apakwe mafuta ya nyonyo, yakiwa vuguvugu.

Umenikumbusha uani. Wajua ule mkondo ulikuwa na maji meupe? Si mfereji, mkondo wa Mungu. Ulitokea huko juu kwenye chemchemi, ukapita nyuma ya jiko la mama, na kulikuwa na jiwe pana tulilofulia. Mama akipika boko-boko la Idi, sisi watoto tulikaa miguu ndani ya maji tukitwanga ngano yake. Maji yalikuwa baridi hata jua la kaskazi liwe kali vipi. Kisha watu wakazidi, nyumba zikapanda kilima chote, chemchemi ikafukiwa. Baba alipojenga ule ukuta wa nyuma alisema, "Mkondo umekufa, haya, tupate nafasi ya kuanika." Haukufa, kumbe. Ulilala.

Asumini ya mama bado ipo pembeni mwa jiko? Mimi nilitolewa uani hapo siku ya harusi yangu, nywele zimejaa asumini, baba yako Uweso akilia kuliko mimi. Nikifumba macho hata sasa naipata harufu.

Kuna baridi ya ziwa asubuhi. Nitumie khanga moja, ya kizamani, si hizi nyepesi.

Shangazi yako,
Saleha


Tanga
24 Septemba 2023

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Khanga hiyo, Mama ndiye aliyeichagua. Asumini ipo, imepanda mpaka bati la jiko. Nimeisoma barua yako kwa sauti barazani, Mama akafuta macho akasema hata yeye jiwe la kufulia alilikuta bado lipo.

Lakini hukunijibu, Shangazi. Wala hukurudisha salamu za Mama Ritha.

Wiki iliyopita tulikuwa na mkutano wa kwanza wa mitaa yote, na kidogo uvunjike. Mzee Badru wa huku kwetu alisimama akasema, "Mnatuita tukae meza moja na watu waliotunywesha mavi yao?" Upande wa Kilimani wakainuka. Mmoja akajibu kwamba wao hawana pengine pa kuyapeleka, gari la kunyonya majitaka haliwezi kupanda vichochoro vyao. Edgar akafungua ramani yake, hakuna aliyeitazama.

Mama Ritha ndiye aliyetuokoa. Hakupaza sauti. Alisema, "Mzee Badru, kipindupindu kilipanda kilima vilevile. Na sisi tulizika. Tukigombana leo, wajukuu wetu watakuja kukaa kwenye viti hivi hivi na kutukanana kwa maneno haya haya." Mzee Badru akarudi kitini. Naye Mama Ritha akakaa.

Nilipomsindikiza nje nilimuuliza alikujuaje wewe. Akasema, "Tulisoma pamoja." Basi, akaondoka.

Nijibu, Shangazi. Wenye nyumba wengine wote kwenye njia ya mkondo wamekwisha kukubali.

Hasina


Ujiji
3 Desemba 2023

Hasina,

Marahaba. Khanga imefika, nimeipenda. Sote wazima.

Uani ni wa mama yangu. Usivunjwe.

Na usiniletee tena salamu za Kilimani.

Saleha


Tanga
9 Januari 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako mwezi mzima nikiogopa kushika kalamu. Sijapata kuiona barua yako isiyo na chakula ndani yake.

Nilimwendea Mama, nikamwonyesha. Akaisoma, akaikunja, akasema, "Hukumbuki, ulikuwa mdogo mno. Shangazi yako hajamtaja Ritha tangu mwaka wa mvua za Elinino." Ndipo akaniambia kuhusu Shadya. Mimi nilijua tu kwamba ulikuwa na binti akafa kwa homa. Ndivyo tulivyoambiwa watoto wote. Sikujua kuwa ni kipindupindu, wala kwamba maji yaliingia kupitia uani huohuo ninaokuomba tuuvunje. Nisamehe. Nilikuandikia habari za mifereji na mabwawa kana kwamba nazungumza na ofisi.

Kamati nimeiambia mwenye nyumba hajaridhia, na sikueleza sababu. Edgar anatafuta njia nyingine kwa kando ya barabara, ingawa huko maji yatalazimika kupanda, na maji hayapandi kwa kubembelezwa. Pengine tutapitisha masika nyingine hivi hivi. Hilo lisikuumize. Sitakuuliza tena habari za uani.

Mama anasema amejaribu mafuta ya nyonyo na yamemfaa.

Mwanao,
Hasina


Ujiji
17 Februari 2024

Mwanangu Hasina,

Marahaba, tena marahaba. Mjukuu mdogo wa Haji ameota jino. Huku mvua zinanyesha, miembe imechanua kabla ya wakati wake.

Nitakwambia, kwa kuwa hukuniuliza.

Mimi na Ritha tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Babake alikuja kukata mkonge, akapata kibanda Kilimani. Wao Wakatoliki, sisi Waislamu, na wala hapakuwa na neno. Krismasi nilikula kwao, Idi alikula kwetu. Tulipokua tulinunua cherehani moja, tukawa tunashona pamoja hapo uani kwetu. Yeye alikata, mimi nilishona. Shadya alizaliwa kwenye vitambaa hivyo. Alikuwa ameanza chuo cha Kurani tu, amefika kwenye juzuu ya kwanza, anasoma huku akitikisa kichwa kama mtu mzima.

Mwaka ule mvua ilinyesha mpaka watu wakaacha kuhesabu. Maji yakavunja mlango wa nyuma, yakaja meusi. Shadya akaanza kuhara alfajiri. Tulimbeba mimi na baba yako kwa zamu, maji magotini, mpaka kambi ya wagonjwa. Jioni yake tulirudi naye amefunikwa.

Vijana wa Bondeni wakapanda Kilimani na marungu. Walisema huko juu wametapisha vyoo. Sikuwatuma, Hasina, wala sikuwazuia; nilikuwa sijui hata kama nina miguu. Nilikaa matangani, uso mlangoni. Watu wakaja, wakaja. Nilikuwa namngoja mmoja tu. Nilijisemea, akija Ritha nitalia, maana nilikuwa bado sijalia. Hakuja siku ya kwanza. Hakuja siku ya hitima. Hakuja hata arubaini.

Basi Haji alipopata kazi huku, nikamfuata. Cherehani niliiacha.

Hayo ndiyo yaliyopo uani. Si jiko tu.

Shangazi yako,
Saleha


Tanga
28 Machi 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia ikiwa ni Ramadhani, futari imekwisha andaliwa na Mama amelala kidogo. Masika imeanza. Maji yameingia kwa jirani zetu, mtoto wao amelazwa, lakini alhamdulillahi amepata nafuu na jana alitaka uji.

Barua yako nilimsomea Mama. Nilipofika kwenye "hakuja hata arubaini" alinishika mkono akasema, "Acha hapo." Akaingia chumbani. Aliporudi alikuwa amejitanda kama mtu anayekwenda msibani, akaniambia jambo ambalo nimekaa nalo muda mrefu nikijiuliza kama nina haki ya kukuandikia. Nimeona huna tena mwingine wa kukuambia.

Ritha alikuja.

Alikuja siku ya pili ya msiba, na khanga mbili na sufuria la uji kichwani. Vijana walikuwa wamefunga njia pale kwenye kona ya msikiti, na aliyesimama mbele yao alikuwa Baba. Mama alikuwa nyuma yake, amenibeba mimi mgongoni, anatoka kuchota maji. Alisikia yote. Baba alimwambia, "Rudi ulikotoka. Dada yangu hataki kuuona uso wa mtu wa Kilimani."

Ritha akamuuliza, "Amesema yeye?"

Baba akajibu, "Amesema yeye."

Ritha akaliweka lile sufuria chini, akageuka, akapanda kilima.

Mama anasema Baba hakuwa na akili zake siku zile. Alikuwa amembeba Shadya mikononi. Baadaye alitaka kukuambia, kila mwaka akisema safari hii nikienda Ujiji nitamwambia, na hakwenda. Mama aliapishwa asiseme, na Baba alipokufa, Mama aliona aibu kumchafua marehemu. Anakuomba radhi. Analia ninapoandika.

Nilimwendea Mama Ritha nikamuuliza kwa nini hakuniambia miezi yote hii tuliyofanya kazi pamoja. Akasema, "Wewe ni binti yake. Mtoto haambiwi mabaya ya babake na mtu baki."

Sijui niseme nini zaidi. Nampenda Baba. Nakupenda na wewe.

Hasina


Ujiji
11 Mei 2024

Hasina mwanangu,

Salamu zote zichukulie zimeandikwa.

Nakuja. Haji atanifikisha Dodoma, kutoka hapo mwenzangu mmoja anakwenda Muheza. Usimwambie mtu Kilimani. Na mwambie huyo mhandisi wako asiguse kitu uani mpaka nifike nikae humo kidogo.

Saleha


Bondeni, Tanga
6 Aprili 2025

Kwa mwanangu Hasina, huko Mwera, Pangani,

Nakusalimu sana, na mama yako yuko kando yangu anasema nikwambie ule, maana picha uliyotuma shingo imekuwa nyembamba. Twashukuru kusikia watu wa Mwera wamekupokea na kwamba nao wamekubali kukaa pamoja wa juu na wa chini. Wazoee taratibu. Mtu haachi ugomvi wa babu yake kwa kikombe kimoja cha chai. Mtoto wa Sabiri anatembea. Haji ametuma dagaa, na safari hii nimewapika kwa nazi wenyewe wakaona haya.

Ni ajabu kwamba sasa mimi ndiye niliyebaki nyumbani na wewe ndiye uliye mbali. Nilisema nakuja kukaa kidogo, ukaona mwenyewe.

Ile siku uliyonipeleka Kilimani ulibaki nje na Edgar, na tangu hapo hukuniuliza tulisema nini. Una adabu kuliko baba yako. Leo nakwambia.

Nilimkuta Ritha ameinamia cherehani. Amezeeka, Hasina. Niliyemwacha alikuwa na nywele nyeusi mpaka mabegani. Aliponiona hakuinuka. Midomo ikamcheza, akasema kitu, sikusikia. Nikamwambia, "Pandisha sauti, Ritha, masikio yamekufa." Akasema tena, bado. Basi akasimama, akapiga ukelele mpaka majirani wakatoka: "Ulisema wewe nisije?"

Na mimi nikapiga wangu: "Sikusema! Nilikungoja!"

Ndiyo maana Edgar alitaka kuingia ndani mbio, alidhani twapigana. Hatukupigana. Tulisimama katikati ya chumba tukashikana, na nilicholia hapo ni kile nilichokiweka tangu matanga.

Baba yako nilimwendea kaburini siku ya pili yake. Nilimsomea Fatiha, kisha nikamwambia makubwa, mlinzi wa makaburi akawa anatazama pembeni. Nilipomaliza nikamsomea tena, yote, mpaka mwisho. Alikuwa ndugu yangu. Alimbeba mwanangu.

Jiko la mama lilipovunjwa ulikuwapo, uliona nililia. Sitasema sikulia. Lakini chini ya sakafu ya uani wachimbaji walilikuta lile jiwe la kufulia, na Edgar akapindisha mfereji kidogo tu ili libaki ukingoni. Hakuniambia. Nilikuja kuliona kazi imekwisha. Mpe salamu huko, mwambie nimemtafutia mchumba.

Sasa nikupe habari ya juzi. Mvua kubwa ya kwanza imeshuka tangu mfereji ukamilike. Ilianza asubuhi, mbingu zikafunga kwa upande wa milimani Usambara. Watu wa Bondeni walitoka wote kwenye kingo, wamekunja suruali, wengine wameshika ndoo za kuokolea vitu kwa mazoea. Mzee Badru alikuwa mbele kabisa, na mwavuli wa mkewe. Nami nilisimama kwenye mlango wa nyuma. Nilitamani nikimbie. Magoti yalikuwa yananikumbusha mambo.

Ritha akashuka kilima kwenye mvua ileile, amejifunika mfuko wa plastiki. Akaja akasimama nami mlangoni. Tukayaona maji yanakuja. Yalikuja mekundu, ya udongo, yanavuta majani na kandambili ya mtu. Yalijaa mpaka karibu na ukingo, nikamshika Ritha kwa nguvu mpaka akalalamika. Yakajizungusha pale kwenye jiwe, yakapita. Yakaenda zake mikokoni. Mzee Badru akainama, akanusa kabisa, akainua mkono kuwaonyesha watu kwamba hayanuki. Wakapiga vigelegele kama siku ya harusi. Kuna walioanza kuimba. Mimi niliangalia sakafu ya nyumba nyuma yangu: kavu.

Mvua ilipokatika Ritha akataka kuondoka, ati ana nguo za watu za kumalizia. Nikamwambia, "Kaa, wali uko motoni." Akakaa. Tulikula sinia moja, mimi, yeye na mama yako. Na Ritha akaanza kumzungumzia Shadya. Hivi hivi tu, kama anayemzungumzia mtoto aliyetumwa dukani. Alivyoogopa kuku. Alivyokuwa akiidhani cherehani ina njaa, akiiokotea vitambaa sakafuni ili ile. Alivyomwita Ritha "Mama wa Juu" na mimi "Mama wa Chini". Mambo hayo, Hasina, mimi nilikuwa nimeyasahau. Nilikaa Ujiji miaka yote nikimkumbuka mtoto aliyefunikwa shuka, kumbe yule mzima, yule anayecheka, alikuwa Kilimani, amehifadhiwa.

Nilimwambia Ritha aje tena kesho. Amekwisha kuja, na amekuja na cherehani.

Shangazi yako akupendaye,
Saleha